Kiwanja cha Dola Moja

Jumamosi ya wiki mbili zilizopita binamu yangu alinipigia simu saa moja asubuhi, muda ambao anajua fika kwamba mimi bado nimelala. Amepata kiwanja. Kipo Tabata, hatua chache kutoka barabara ya lami, hati ipo, mgogoro hakuna, na bei ni ya kutupa. "Njoo ukione leo leo," akaniambia, "dalali anasema kuna mtu mwingine anakitaka." Ndugu zangu mliowahi kutafuta kiwanja Dar es Salaam mnamjua huyo "mtu mwingine". Hakuna aliyewahi kumwona kwa macho, lakini kila kiwanja mjini hapa anakitaka yeye.

Nikaenda. Uzio wa mabati yaliyochakaa, geti limefungwa kwa waya, na ndani ardhi tambarare, nyeusi. Si ule weusi wa udongo wenye rutuba. Ni weusi wa kung'aa, kama sakafu ya jiko la mama ntilie. Usiku wake mvua ilikuwa imenyesha, na kwenye madimbwi kulielea rangi rangi kama za upinde wa mvua. Dalali akasema zamani palikuwa na gereji hapa ila walishahama, "kwa hiyo usumbufu hakuna". Binamu yangu alikuwa na ramani yake kaichora kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari. Nyumba itakaa huku, vyumba vya kupangisha kule, na kona ya nyuma, ukipita mwarobaini, atachimba kisima, maana maji ya bomba mtaani kwake hutoka yanapojisikia.

Nikamuuliza amekagua nini na nini. Akanitajia, na kwa kweli nilimpa heko. Kaenda ofisi ya ardhi kuangalia kama kiwanja hakijawekwa rehani benki. Kaonana na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Kaongea na majirani. Mwanasheria kausoma mkataba. Nikamuuliza tena: na udongo? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kabila la mwarobaini. "Udongo una nini? Udongo ni udongo."

Basi haya ninayoandika leo ni kwa ajili yake, maana huwa ananisoma akiwa kwenye foleni, na ni kwa ajili yako wewe pia msomaji unayejinyima ili upate kiwanja chako. Ni historia ya kiwanja kimoja kilichouzwa kwa dola moja.

Twende Niagara Falls, mji ulio jimbo la New York, Marekani, kando ya yale maporomoko maarufu mpakani na Kanada. Miaka ya 1890 alitokea huko mfanyabiashara aliyeitwa William Love. Alikuwa na ndoto ya kujenga mji wa mfano. Angechimba mfereji wa kuunganisha sehemu ya juu na sehemu ya chini ya Mto Niagara, maji yateremke kwa kasi, yazungushe mitambo, na viwanda vipate umeme wa bei poa. Wakati huo kusafirisha umeme mbali ilikuwa shida, hivyo kiwanda kilipaswa kukaa karibu na mtambo. Kabla ndoto haijafika popote, uchumi wa Marekani ukaanguka mwaka 1893 na wawekezaji wakatawanyika. Juu ya hapo, mfumo wa umeme aliousimamia Nikola Tesla ukawezesha umeme kwenda mbali kwa waya, na sababu yenyewe ya mfereji ikafa. Bwana Love akaondoka. Nyuma yake akaacha shimo refu la kama kilomita moja na nusu, na jina: Love Canal. Ukilisikia bila kujua habari zake unaweza kudhani ni mahali ambapo maharusi huenda fungate.

Kwa miaka mingi shimo lile lilikuwa bwawa tu. Watoto waliogelea humo kiangazi, na majira ya baridi maji yalipoganda waliteleza juu yake. Miaka ya 1920 mji ukaanza kutupa taka zake humo. Halafu mwaka 1942 ikaja kampuni ya Hooker, watengenezaji wa kemikali, nao wakaanza kutupa zao. Hadi mwaka 1953 walikuwa wamefukia takriban tani 21,000. Mapipa ya chuma yaliyojaa masalia ya kutengeneza dawa za wadudu, rangi, vimumunyisho, vitu vya jamii ya klorini, na ndani yake dioksini, mojawapo ya sumu kali kabisa ambazo mwanadamu amewahi kuzitengeneza, na hata hakukusudia kuitengeneza. Wakafunika kwa udongo wa mfinyanzi, nyasi zikaota. Na tusiwe wepesi wa kuhukumu: kwa viwango vya siku zile, kufukia taka kwenye shimo lenye kuta za mfinyanzi usiopitisha maji ilionekana ni kazi safi. Wengine walikuwa wakimwaga mtoni.

Sasa fikiria hali ya mji wenyewe. Vita Kuu ya Pili imekwisha, askari wamerudi, wanaoa, watoto wanazaliwa kila siku, na shule hazitoshi. Bodi ya elimu ya mji inatafuta ardhi kwa udi na uvumba na inalitaka lile eneo. Kampuni inasita. Baadaye kampuni ilidai kwamba ilitishiwa ardhi ingetwaliwa kwa nguvu ya sheria, bodi nayo ina maelezo yake, na mabishano hayo hayajaisha hadi leo. Kisichobishaniwa ni karatasi yenyewe. Tarehe 28 Aprili 1953 Hooker iliihamishia bodi eneo lote kwa bei ya dola 1.

Hapa ndipo ningependa binamu yangu asimamishe macho kidogo. Hati ile ya mauziano haikuficha kitu. Ina kifungu kinachosema kwamba mnunuzi amearifiwa kuwa eneo limejazwa, lote au sehemu yake, taka zitokanazo na utengenezaji wa kemikali, kwamba mnunuzi anajitwika hatari yote, na kwamba hakuna dai litakaloletwa dhidi ya kampuni kwa mtu atakayeumia au kufa au mali itakayoharibika kwa sababu ya taka hizo. Kufa. Neno hilo limo kwenye hati ya kiwanja cha shule ya msingi! Mwanasheria wa bodi aliliona. Wajumbe walipiga kura, wakakubali. Kwa hiyo usije ukadhani kwamba balaa la Love Canal lilitokana na karatasi kukosekana. Karatasi ilikuwepo, imesainiwa, ina mhuri. Kilichokosekana ni mtu wa kwenda na sepetu kuangalia ile karatasi ilikuwa inasema nini hasa.

Sepetu zilikuja baadaye, kwa kazi nyingine. Mwaka 1954 mafundi walipoanza kuchimba msingi wa shule wakakutana na mashimo yenye kemikali, na mchoraji wa majengo akaiandikia bodi kuonya kwamba zege la msingi linaweza kuharibika. Zege! Bodi ikalisogeza jengo kama mita 25, kazi ikaendelea. Mwaka uliofuata shule ikafunguliwa, watoto 400. Mwaka huo huo sehemu ya ardhi ikatitia na mapipa yakaonekana, maji ya mvua yakajaa humo, na watoto wakapata madimbwi ya kuchezea.

Mwaka 1957 mji ukachimba mitaro ya mabomba ya majitaka kwa ajili ya nyumba zilizokuwa zinajengwa kandokando, na kuta za mfinyanzi zikatobolewa. Mwaka huo huo bodi ilipotaka kuwauzia wajenzi sehemu ya ardhi, mwanasheria wa kampuni alifika kwenye kikao akaonya kwamba chini si mahali pa kujenga. Baadaye ikapita barabara kuu upande wa mto, ikayazibia maji ya ardhini njia yao ya kutokea. Ukitaka picha, fikiria beseni ambalo limetobolewa ubavuni, likazibwa chini, na mvua inaendelea kunyesha. Na waliokuja kununua nyumba jirani hawakuambiwa kitu. Onyo lilikuwa kwenye hati ya bodi, na wao walikuwa na hati zao, safi kabisa, kama ya Tabata.

Sisi waandishi tuna sehemu yetu katika kisa hiki, na naomba mniruhusu nijidai kidogo. Mwaka 1976 waandishi wawili wa gazeti la pale mjini, Niagara Gazette, walichukua majimaji kutoka kwenye pampu za vyumba vya chini ya nyumba na kuyapeleka maabara. Yakakutwa na kemikali. Aliyefuatia alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu aitwaye Michael Brown, ambaye alikwenda nyumba kwa nyumba akiandika yale ambayo wakubwa wa mji hawakupenda yaandikwe: harufu, rangi nyeusi inayochuruzika kwenye kuta za vyumba vya chini, mbwa waliobabuka pua, watoto waliozaliwa na kasoro.

Moja ya makala hizo ilisomwa na mama wa nyumbani mwenye umri wa miaka 27, Lois Gibbs. Mwanawe alikuwa ameanza chekechea kwenye shule ile na tangu hapo amekuwa mtu wa kuugua. Aliomba mtoto ahamishwe shule, akakataliwa. Akachukua kalamu na karatasi, akaanza kugonga milango kuomba saini. Mwanzoni, anasimulia mwenyewe, aliogopa mpaka akarudi nyumbani baada ya mlango wa kwanza.

Kilichofuata ndicho ninachokipenda zaidi katika historia hii nzima. Serikali ya jimbo ilikuwa ikidai kwamba hatari iko kwenye nyumba zilizopakana na mfereji tu. Gibbs na wenzake wakatandika ramani ya mtaa mezani, wakaweka alama kila nyumba yenye ugonjwa au mimba iliyoharibika. Alama hazikuzunguka mfereji. Zilijipanga kama mistari, zikikatiza mitaa hadi mbali. Wazee waliokulia pale ndio waliofumbua fumbo. Kabla nyumba hazijajengwa kulikuwa na vijito na mabonde madogo yaliyopita hapo, na yalifukiwa kwa kifusi. Picha za zamani zikathibitisha. Maji ya ardhini hayakuwa na habari kwamba vijito vimefukiwa, yaliendelea kupita njia zao zile zile, safari hii yakiwa yamebeba kemikali. Mwanasayansi Beverly Paigen akazipanga takwimu, akazipeleka kwa wakubwa. Wakazibeza kuwa ni takwimu za akina mama wa nyumbani. Baadaye watu wao wenyewe walipochambua upya, walikuta nyumba za maeneo yaliyokuwa na majimaji zina tatizo kweli, na Februari 1979 wajawazito na watoto wadogo wa maeneo hayo wakashauriwa kuondoka.

Nimeruka mbele kidogo, turudi. Tarehe 2 Agosti 1978 kamishna wa afya wa jimbo alitangaza hali ya dharura, akafunga shule na kushauri wajawazito na watoto chini ya miaka miwili walioishi karibu kabisa na mfereji waondoke. Ukiwa baba wa mtoto wa miaka mitatu ungejisikiaje? Siku tano baadaye Rais Jimmy Carter akatangaza dharura ya kitaifa, na familia 239 za jirani kabisa na mfereji zikahamishwa. Waliobaki walipambana karibu miaka miwili zaidi. Mei 1980 uvumilivu ukaisha, wakawazuia maofisa wawili wa shirika la serikali la mazingira, EPA, ndani ya ofisi ya chama chao kwa saa kadhaa, wakidai Ikulu isikie. Siku mbili baadaye Carter akatangaza dharura ya pili, na mamia ya familia zilizobaki zikapata haki ya kuhama kwa gharama za serikali.

Tarehe 11 Desemba 1980, akiwa ameshashindwa uchaguzi na anafungasha virago, Carter alitia saini sheria ambayo watu waliipa jina la Superfund kwa sababu ya mfuko mkubwa wa fedha iliouanzisha kwa ajili ya kusafisha maeneo yenye sumu. Fedha ni sehemu moja. Meno ya sheria ile yako kwenye kifungu cha nani anawajibika. Aliyemwaga anawajibika, aliyesafirisha anawajibika, na, hapa ndipo wafanyabiashara walipopata homa, mmiliki wa sasa wa ardhi naye anawajibika, hata kama hakuwahi kumwaga tone. Umenunua kiwanja, umenunua na yaliyofukiwa.

Mwaka 1986 bunge lao likaweka mlango mdogo wa kutokea. Mnunuzi asiye na hatia anaweza kuepuka mzigo huo iwapo ataonyesha kwamba kabla ya kununua alifanya uchunguzi wa kutosha kuhusu historia ya eneo na hakuona kitu. Kifungu hicho kimoja kilizaa taaluma nzima. Mabenki hayakutaka kukopesha mtu anayenunua bomu, wanunuzi hawakutaka kununua bomu, na ghafla kukawa na watu ambao kazi yao ni kuuliza ardhi maswali. Mwaka 1993 ukatoka mwongozo wa kitaalamu wa namna ya kuifanya kazi hiyo, na umekuwa ukiboreshwa tangu wakati huo.

Nilipoanza kuusoma utaratibu wao nilitegemea kukuta chupa za maabara na vipimo. Wapi! Hatua ya kwanza haina hata kijiko cha udongo. Ni kazi ya historia. Unatafuta waliomiliki ardhi zamani na walichokifanya. Unatazama picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege, mwaka baada ya mwaka. Unasoma vitabu vya zamani vya anwani kujua kama namba 14 ilikuwa duka la mikate au dobi wa kemikali. Unazungumza na majirani wakongwe. Unatembea kwenye eneo ukitazama madoa, mimea iliyokauka bila sababu, bomba linalochungulia ardhini.

Wamarekani wana hazina moja hapo ambayo naionea wivu: ramani za Sanborn. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1867 kuchora miji nyumba kwa nyumba kwa ajili ya makampuni ya bima ya moto. Waridi ni jengo la matofali, njano ni la mbao, na kila tangi la petroli limewekwa alama, kwa sababu mtu wa bima alitaka kujua nini kitalipuka. Waliozichora walikuwa wakiogopa moto tu. Karne moja baadaye ramani zao ndizo zinazomwambia mnunuzi kwamba chini ya maegesho ya magari ya leo kuna tangi lililosahaulika.

Hatua ya kwanza ikinusa jambo, ndipo inapokuja ya pili: kutoboa mashimo, kuchukua udongo na maji ya chini, kupeleka maabara. Na maabara ikikuta sumu, inafuata kusafisha. Njia zipo nyingi na zote zina bei. Kuna kuchimba udongo wote na kuupeleka jalala maalum, yaani unahamisha tatizo kwa mwingine anayelipwa kulilinda. Kuna kuufunika kwa tabaka zisizopitisha maji. Kuna kuvuta maji ya ardhini kwa pampu na kuyachuja miaka na miaka. Kuna kuwalisha bakteria ambao kwao mafuta ni ugali. Na kuna kuuosha udongo kwenye mashine kama unavyoosha mchele, mchanga ukabaki safi na uchafu ukajikusanya kwenye tope kidogo la mwisho.

Hiyo ya kuosha unaijua bila kujua kwamba unaijua. Tarehe 9 Agosti 2012, David Rudisha wa Kenya alipokimbia mita 800 London kwa dakika 1 sekunde 40.91, rekodi ya dunia, sote tukaruka kwenye viti, alikuwa anakimbia juu ya ardhi ya kiwanda. Eneo la bustani ile ya Olimpiki, mashariki mwa London, lilikuwa na historia ndefu ya viwanda na majalala, udongo wake una mafuta, lami, risasi, aseniki. Kabla jengo moja halijasimama walichimba na kusafisha tani milioni 2 hivi za udongo, nyingi kwa mashine za kuosha, na sehemu kubwa ikarudishwa pale pale.

Love Canal kwenyewe hakukuoshwa kitu. Mapipa yako pale pale. Walifunika kwa mfinyanzi na plastiki nene, wakazungushia mifereji ya kukusanya majimaji yanayovuja, wakajenga mtambo wa kuyasafisha, wakaweka uzio. Kampuni ya Occidental, iliyoinunua Hooker mwaka 1968, ilikubali mwaka 1995 kuilipa serikali kuu dola milioni 129. Mwaka 2004 eneo likaondolewa kwenye orodha ya hatari. Nyumba za upande wa kaskazini zilikuwa zimeshaanza kuuzwa tena tangu 1990 kwa bei nafuu, mtaa ukapewa jina jipya, na mwaka 2011 mafundi wa bomba la majitaka walipochimba wakakutana na kemikali, familia zikaenda mahakamani upya. Bei nafuu, tena.

Binamu yangu, najua unasema hiyo ni Marekani. Haya, turudi kwetu. Pale Vikuge, Kibaha, mwendo mfupi tu kutoka Dar, miaka ya 1980 ilihifadhiwa shehena ya dawa za wadudu kutoka Ugiriki, DDT ikiwemo, na sehemu yake muda ulikuwa umepita. Ghala likabomoka, mvua ikanyesha. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipokuja kupima udongo miaka mingi baadaye, DDT bado ilikuwepo.

Au nenda Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, ambako mwaka 2007 kilifunguliwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Phyllis Omido alianza kazi hapo mwaka 2009, mtoto wake mchanga akaugua, na damu ilipopimwa ikakutwa na risasi. Alipiga kelele mpaka kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Lakini kufunga kiwanda hakusafishi ardhi. Risasi haiozi wala haipotei juani. Inakaa kwenye vumbi, mtoto anacheza, anatia vidole mdomoni, na ubongo wake unaokua ndio unaolipa. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi wapatao 3,000 walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya na udongo usafishwe. Mahakama ya Rufani ikaitengua mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha fidia hiyo. Miaka kumi kamili tangu kiwanda kufungwa, na watu bado wanaongelea karatasi.

Sheria tunazo. Kenya wana yao ya mwaka 1999, sisi yetu ya mwaka 2004, na miradi mikubwa hulazimika kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira. Ila swali kubwa la tathmini hiyo ni mradi utaifanyia nini ardhi. Mtu anayejenga nyumba ya vyumba vitano Tabata hakuna anayemuuliza ardhi itamfanyia nini yeye. Gereji ya kwetu humwaga oili chafu, yenye metali nzito ndani yake, pamoja na petroli ya kuoshea vyuma na maji ya betri. Na Dar sehemu nyingi ni mchanga. Mchanga haushikilii kitu, unapitisha, na chini yake ndiko tunakochota maji ya visima.

Kwa hiyo nilifanya kile ambacho mtu asiye na ramani za Sanborn anaweza kufanya. Niliingia Google Earth, nikarudisha miaka nyuma, picha moja baada ya nyingine. Magari mabovu yanaongezeka, yanapungua, na kwenye picha tatu tofauti kuna doa jeusi ambalo linahama kidogo kidogo upande wa nyuma. Picha haikusema ni doa la nini.

Jumamosi iliyopita tukaenda tena, mimi na binamu, bila dalali. Ng'ambo ya barabara kuna mzee anauza kahawa na kashata. Tukamwamkia, akaitikia marahaba, tukanywa vikombe viwili viwili kabla ya kuuliza chochote. Kumbe alikuwa fundi kwenye gereji ile ile, miaka kumi na moja. Nikamuuliza oili chafu walikuwa wanapeleka wapi.

"Wapi tena, mjukuu wangu? Si pale pale." Akaweka birika chini, akaelekeza kidole juu ya uzio wa mabati. "Shimo lilikuwa kona ya nyuma, ukishaupita mwarobaini. Oili, maji ya betri, kila kitu. Likijaa tunafukia, tunachimba lingine pembeni."

Binamu yangu akatoa karatasi yake ya daftari mfukoni, akaifungua, akaitazama, akaikunja tena. Hakusema kitu mpaka tulipofika kituoni. Udongo tuliuchukua siku ile ile, kwenye chupa tatu safi, moja kutoka kona ya nyuma, na Jumatatu tunaupeleka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Dalali ameshapiga simu mara nne. Anasema yule mtu mwingine yuko tayari kulipa.